Kabla ya kununua jiko la umeme, fungueni daftari moja

Ugomvi wetu ulianzia kwenye mita. Ilikuwa Juni, mwezi ambao baridi ya vilima vya Ngara humwamsha mtu kabla ya jogoo. Nilirudi jioni nikakuta LUKU inalia kwamba yuniti zinakaribia kuisha, ilhali nilikuwa nimenunua umeme siku chache tu nyuma. Nikatupa jicho jikoni, nikaliona jiko jipya la presha la umeme juu ya meza linatoa mvuke. Mshitakiwa nikawa nimempata.

"Hilo jiko lako litatufilisi," nikasema.

Mama watoto hakunijibu mbele ya watoto. Walipolala, akaja na daftari la shule lililobaki kurasa nusu, akalifungua mbele yangu kwenye taa. Kila mstari ulikuwa na tarehe na kiasi: mkaa wa ndoo, mkaa wa ndoo, kibiriti, mkaa tena, mafuta ya taa ya kuwashia. Fedha yote hiyo ilitoka kwenye ndizi na nyanya anazouza. Mimi nilikuwa nanunua tokeni za umeme tu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza mkaa unatoka wapi.

"Sasa hesabu mwenyewe," akasema. "Jiko limeongeza kwako, limepunguza kwangu. Nyumba imepata au imepoteza?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilianza kujifunza jambo ambalo ningependa kila mzazi anayefikiria kununua jiko la namna hii alijue kabla ya kutoa fedha. Jiko la umeme halipunguzi gharama tu au kuiongeza tu. Mara nyingi linaihamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kama baba na mama hawahesabu pamoja, mmoja ataona hasara na mwenzake ataona neema, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Kwa nini swali hili limefika sasa

Miaka michache iliyopita, mtu wa Ngara au Biharamulo asingepoteza muda kujadili kupika kwa umeme. Wilaya zetu zilitegemea majenereta ya dizeli, na umeme ulikuwa wa taa, redio na kuchaji simu. Leo mambo yamebadilika. Njia kubwa ya umeme imefika Nyakanazi, na kwenye maporomoko ya Rusumo, hapa hapa wilayani Ngara, kuna kituo cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa. Nguzo zimefika vijijini, na mwananchi wa kijijini ameunganishwa kwa shilingi 27,000.

Juu ya hayo, Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ndiyo maana matangazo ya majiko yamejaa kwenye simu zetu, na ndiyo maana kwenye vikoba kina mama wanaulizana: tununue au tusinunue?

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa Rusumo ni jirani, umeme wetu lazima uwe wa bei nafuu kuliko wa Dar es Salaam. Sivyo. Bei ya yuniti ni moja nchi nzima kwa wateja wa kundi moja. Kitakachoamua ni matumizi ya nyumba yako.

Kuni zetu na mapafu ya watoto

Wazee wa huku hawahitaji mkakati kuwaeleza thamani ya kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa usiku kucha. Watu wale walipaswa kula, na chakula kilihitaji moto. Miti iliyozunguka kambi ikaisha kwa haraka, na safari ya kutafuta kuni ikawa ndefu kwa mgeni na mwenyeji. Kwa upande wa Biharamulo, mapori ya akiba ya zamani sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa 2019, na hifadhi si mahali pa kwenda na panga kutafuta kuni.

Lakini kilichonigusa mimi zaidi ya miti ni kikohozi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa mtu wa kliniki. Siku moja muuguzi alimuuliza mke wangu swali dogo: "Ukiwa unapika, huyu anakuwa wapi?" Jibu lilikuwa lile la kina mama wengi wa hapa. Anakuwa mgongoni.

Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba unahusika na vifo vya watu karibu milioni 3 duniani kila mwaka, na kwamba mtoto mdogo anayeishi kwenye moshi huo anakaribia kuwa na hatari mara mbili ya kupata nimonia. Sitakuambia kwamba jiko jipya lilimponya mwanangu, maana kikohozi kina sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba maharage yanapoiva sasa, yeye anacheza sebuleni na mgongo wa mama yake umepumzika.

Maharage ya mlimani

Kwa nini nimeyataja maharage? Kwa sababu ndiyo yanayokula mkaa wetu. Ndizi huiva haraka, ugali haraka zaidi, lakini sufuria ya maharage makavu inaweza kukaa motoni saa mbili, tatu, na mkaa ukiongezwa mara kwa mara.

Kuna na jambo la mahali tulipo. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzijoto 100. Ukipanda kwenye mwinuko wa mita 1,500, kama ulivyo kwenye vilima vingi vya Ngara, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi na hayapandi zaidi hata ukichochea moto namna gani. Maharage yanapikwa na joto la maji, si na ukali wa moto. Kwa hiyo maharage yale yale yatachelewa kuiva huku kuliko pwani, nawe utadhani ni mbegu mbaya.

Jiko la presha linatibu tatizo hilo moja kwa moja. Mfuniko wake unabana mvuke, na mvuke uliobanwa unapandisha joto la maji kupita nyuzijoto 110. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa nusu saa au zaidi kidogo badala ya asubuhi nzima. Mwili wa jiko umezuiliwa joto lisipotee, na likishafikia presha linajizima na kujiwasha lenyewe, kwa hiyo halivuti umeme muda wote.

Linakula kiasi gani basi? Kupasha moto maharage kilo moja pamoja na maji yake mpaka kwenye joto la presha, ukijumlisha na linalopotea, ni karibu nusu yuniti. Usiniamini mimi wala muuzaji. Mita yako iko ukutani. Zima friji na pasi, andika namba ya yuniti zilizobaki, pika, kisha andika tena. Tofauti ndiyo jibu, na ni jibu la nyumba yako.

Swali la kwanza: uko kundi gani la bei?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa hiyo tuende polepole.

TANESCO ina bei mbili kwa wateja wa kawaida wa nyumbani. Kundi la matumizi madogo, linaloitwa D1, ni la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100 kwa yuniti, na ukiongeza kodi na tozo inakuwa shilingi 122 hivi. Kundi la matumizi ya kawaida, T1, hulipa shilingi 292, na pamoja na kodi na tozo inafika kama 356. Tofauti yake ni karibu mara tatu.

Mteja wa D1 akivuka 75 ndani ya mwezi, kila yuniti ya ziada hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Akiendelea kuvuka, anahamishiwa T1, na hapo hata yuniti ya kwanza ya mwezi inapanda bei.

Hujui uko wapi? Chukua ujumbe wa mwisho wa kununua umeme. Ondoa kwanza kodi ya jengo inayokatwa mara moja kwa mwezi, ambayo ni shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa yuniti ulizopata. Ukipata kama 122, uko D1. Ukipata kama 356, uko T1.

Nyumba tatu, majibu matatu

Sasa tuchukue nyumba tatu za mfano. Bei ya mkaa na ya jiko weka yako. Mimi nitasema tu gunia la mkaa ni shilingi 40,000 na linaisha kwa mwezi, jiko la presha ni shilingi 180,000, na kupika maharage, nyama ngumu, makande na wali kwa jiko hilo kunaongeza yuniti 25 kwa mwezi na kupunguza mkaa kwa nusu.

Nyumba ya kwanza iko D1, ina taa, televisheni na simu, na hutumia yuniti 25. Ikiongeza 25 inafika 50, bado iko salama chini ya 75. Umeme umeongezeka kwa shilingi 3,050. Mkaa umepungua kwa shilingi 20,000. Nyumba imeokoa karibu shilingi 17,000 kila mwezi, na jiko litajilipa ndani ya mwaka. Hii inunue.

Nyumba ya pili tayari iko T1. Yuniti zile zile 25 zitaigharimu shilingi 8,900, na mkaa umepungua 20,000. Bado kuna faida ya shilingi 11,100 kwa mwezi, ila jiko litajilipa kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Inafaa, lakini isikopwe kwa riba kubwa.

Nyumba ya tatu ndiyo ya kuangalia kwa makini. Iko D1, ina friji, na hutumia yuniti 60 kwa mwezi, yaani shilingi 7,320. Ikiongeza 25 inafika 85. Ikihamishiwa T1, yuniti hizo 85 zitakuwa shilingi 30,260. Umeme umepanda kwa karibu shilingi 23,000 ilhali mkaa umepungua kwa 20,000. Jiko ni zuri, maharage yameiva, na nyumba inapoteza fedha.

Je, nyumba ya tatu iache? Si lazima. Inaweza kulitumia jiko kwa maharage na nyama tu, vyakula vinavyokula mkaa zaidi, wali na chai vikabaki kwenye gesi au mkaa. Maharage mara tatu kwa wiki ni kama yuniti 6 au 7 kwa mwezi. Sitini na saba, bado uko ndani ya 75. Anayejua mpaka ulipo anaweza kupika jirani nao bila kuuvuka.

Na kuna nyumba ya nne ambayo hesabu ya shilingi haiifikii vizuri: ile inayookota kuni bila kununua. Hapo jiko halitaokoa fedha, litaongeza matumizi. Faida yake ni moshi uliopungua na muda. Kama anayebeba kuni ni binti wa darasa la sita, andikeni saa zake daftarini kama mnavyoandika shilingi, kisha muamue.

Maji ya kuoga ndiyo mlaji mkubwa

Tulipoanza kusoma mita kila jioni, mke wangu na mimi tulipata aibu ya pamoja. Mwizi wa tokeni zangu hakuwa jiko. Alikuwa hita ya koili iliyokuwa ikitumbukizwa kwenye ndoo kila alfajiri watoto wapate maji ya moto kabla ya shule.

Hesabu yake ni hii. Watu watano, kila mmoja lita 10 za maji ya vuguvugu. Kuyatoa maji lita 50 kwenye nyuzijoto 20 hadi 40 kunahitaji zaidi ya yuniti moja. Kwa mwezi ni yuniti 35 hivi, karibu nusu ya zile 75. Na sisi hatukuishia kwenye vuguvugu. Tuliyachemsha kabisa, kisha tukayapoza kwa maji baridi, na mengine yakabaki ndooni. Maharage ya wiki nzima hayafiki umeme wa maji ya kuoga ya siku mbili.

Kwa hiyo ukiona umeme umepanda mwezi ule ule uliponunua jiko, chunguza kwanza kilichobadilika kingine. Baridi ya Juni na Julai ina gharama yake.

Tiba ni nyepesi. Pasheni kiasi mtakachotumia, si ndoo nzima. Tumieni makaa yanayobaki baada ya kupika jioni, maji yakae kwenye chupa za chai au chombo kilichofunikwa vizuri. Watoto wadogo waoge alasiri jua likiwapo, maji yakiwa yameanikwa kwenye beseni jeusi tangu saa nne. Mwenye uwezo zaidi anaweza kufunga mtambo wa jua wa kupasha maji juu ya paa.

Wenye ndugu Ulaya watakuwa wamesikia pia habari ya pampu ya joto. Ni mashine inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa: friji inatoa joto ndani na kulitupa nje, pampu inachukua joto la hewa ya nje na kulitia kwenye maji. Kwa yuniti moja ya umeme inaweza kutoa joto la yuniti tatu hivi. Kwa nyumba ya wageni au bweni linalopasha mamia ya lita kila siku, ni jambo la kufikiriwa. Kwa familia ya ndoo tano, bei ya mashine ni kubwa na fundi wake yuko mbali. Beseni jeusi linatosha.

Maswali mengine kabla ya kufungua pochi

*Nyaya zenu zikoje?* Jiko la presha la wati 1,000 linavuta ampea 4 na kitu. Soketi nzuri ya ukutani inalimudu bila shida. Tatizo ni ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, au soketi iliyolegea yenye alama nyeusi. Plagi ikiwa ya moto baada ya kupika, acha kuitumia na umwite fundi. Muulize pia kama nyumba ina waya wa ardhi uliofungwa sawasawa. Gharama ya fundi iingie daftarini pamoja na bei ya jiko.

*Umeme wenu ni wa jua?* Vijiji vingi, pamoja na sehemu za kata ya Kirushya na jirani zake, bado kuna nyumba zinazowashwa na sola ndogo. Sola ya taa tatu na kuchaji simu haiwezi kuendesha jiko hili, hata muuzaji aape. Usinunue.

*Umeme ukikatika?* Utakatika. Jiko likiwa limeshafikia presha, usilifungue. Joto lililomo linaendelea kuivisha kwa muda. Lakini lisiwe jiko pekee nyumbani. Sisi la mkaa hatukuliuza. Na siku umeme unapokuwa mdogo jioni, jiko huchelewa, kwa hiyo maharage tunayapika mchana.

*Mnapika kwa ajili ya watu wangapi?* Jiko la lita 6 linajazwa nusu tu kwa maharage, maana yanavimba. Familia ya watu watano au sita inatoshelezwa. Nyumba ya watu kumi na mbili itapika mara mbili, na faida ya muda itapungua.

*Gesi je?* Gesi inawaka papo hapo na haijali umeme umekatika. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukisambaza mikoani mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na aliyeupata asiuache. Ila gesi huingia nchini kwa meli na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwetu, na safari hiyo iko ndani ya bei ya kujaza. Nyumba nyingi zitapata nafuu kubwa zaidi kwa kugawa kazi: gesi kwa chai, uji na mboga za haraka, presha ya umeme kwa vinavyochelewa kuiva.

Kama umeme haujafika

Usisikitike ukaacha kusoma. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji. Hatua hiyo peke yake inapunguza muda wa moto, na haina gharama. Tumia jiko banifu badala ya mafiga matatu, na upike nje au penye dirisha mbili.

Kuna pia kapu la joto. Chukua kapu au boksi, lijaze majani makavu ya mgomba au matambara, uache shimo la sufuria katikati. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 30 hivi, funika vizuri, ingiza sufuria ikiwa bado inatokota, kisha uifunike juu kwa mto au blanketi. Baada ya saa kadhaa yatakuwa yameendelea kuiva yenyewe. Yapashe tena yachemke kabla ya kula. Sufuria ya presha ya kawaida, ile ya kuweka juu ya mkaa, nayo inafanya kazi ile ile ya kubana mvuke.

Mambo mawili ya usalama

La kwanza ni mvuke. Jiko la presha lina kipini kinachopanda presha ikiwa ndani na kushuka ikiisha. Mfuniko usifunguliwe kipini kikiwa juu, na mtoto asiwe karibu unapoachia mvuke. Liwekwe mbali na ukingo wa meza, waya wake usining'inie mahali mtoto anapofika.

La pili ni la baridi hii. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia hulala isiamke. Hata makaa yanayoonekana yamezimika bado yanaitoa. Ongeza blanketi, laleni pamoja, lakini jiko libaki nje.

Wiki moja ya majaribio

Kama bado mnasitasita, msinunue leo. Chukueni daftari moja, si mawili. Kwa siku saba, jioni kila siku andikeni namba ya mita. Kila mkaa, kuni, gesi au kibiriti kinachonunuliwa kiandikwe, bila kujali fedha imetoka mfuko wa nani. Andikeni pia ni chakula gani kilikaa motoni kwa muda mrefu, na nani alikuwa amekaa pembeni ya moto huo.

Siku ya nane kaeni wawili, zidisheni kwa nne mpate mwezi, kisha jiulizeni: tuko D1 au T1? Tukiongeza jiko tutavuka 75? Kitu gani kinakula zaidi, maharage au maji ya kuoga? Kama kuna jirani au mwanakikoba mwenye jiko, mwombeni mpike kwake sufuria moja ya maharage huku mkiangalia mita, mkimlipa yuniti zake.

Kwetu tulikubaliana mambo matatu. Hita ya koili ikafungiwa kabatini isipokuwa kwa mgonjwa. Jiko la presha likabaki kwa maharage, nyama na makande. Na kile kilichopungua kwenye mkaa, mke wangu ananichangia nusu kwenye tokeni, mimi sinuni tena mita ikilia.

Daftari sasa linaning'inia kwenye msumari kando ya mita. Anayesoma namba kila jioni ni yule mtoto wa pili, mwenye daftari. Juzi aliniita kwa sauti ya mkaguzi: "Baba, leo tumetumia mbili na nusu. Nani kaacha pasi inawaka?"

Nilikuwa ni mimi.